Kwenda Masaka kwa Pikipiki Nyepesi

Mtu aliyevaa sare ya polisi kwa miaka 23 huzoea vitu vizito: buti, mkanda na amri. Nilipostaafu nilibaki na pikipiki yangu ya injini ya cc 650, fahari ya kota nzima. Ilipowaka alfajiri, watoto walitoka mbio kuitazama.

Lakini lita moja ya petroli iliipeleka kilomita 20 tu. Mama yangu mzazi anaishi Masaka, yapata kilomita 130 kutoka Kampala. Kwenda na kurudi ni lita 13, na malipo ya uzeeni hayaongezeki. Mwaka jana nilimwona mama mara mbili tu, naye amekwisha kuwa kikongwe.

Kisha siku moja uani, stendi ilizama katika udongo laini, na chombo kikanilalia mguuni. Walikinyanyua mke wangu na wanangu wawili. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, chombo hiki kinakupanda wewe, si wewe unayekipanda."

Nikakipeleka Katwe. Fundi alikizunguka mara tatu, akaniuliza, "Afande, una hakika?" Nikasema ndiyo, japo sauti haikutoka vizuri. Akanipa Honda CG125 iliyotumika, na fedha kidogo juu yake. Pikipiki ya namna hiyo ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo wenye vyombo husahau kubadilisha oili. Ina silinda moja, na vali zake husukumwa na vijiti vya chuma, hivyo fundi yeyote wa kando ya njia huielewa.

Safari ya kwanza ilianza kwa aibu. Pale Nateete mama mmoja mwenye kikapu alinipungia mkono akaniuliza nauli, akidhani mimi ni dereva wa bodaboda. Nikamwomba radhi, nikapita. Baada ya Mpigi, pale Mpambire, ngoma zimepangwa kando ya barabara kwa kuuzwa, kubwa kwa ndogo. Zamani nilipita hapo kwa kishindo bila kusikia kitu. Safari hii nilisikia mtu akijaribu ngozi mpya kwa kiganja.

Kayabwe niliivuka Ikweta, penye pete mbili nyeupe za saruji, moja kila upande wa barabara. Nikashuka kunyoosha goti.

Kutoka hapo ni daraja la mto Katonga, ambalo mafuriko yalilikata mwezi wa Mei 2023, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Mbele yake ni kinamasi cha Lwera, mafunjo kila upande. Hapa nitasema kweli: nililikumbuka lile zito langu. Kila lori lilipopita, upepo wake uliniyumbisha kama jani, nikashika usukani kwa nguvu zote na kupunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa. Mwenye haraka asijaribu njia hii kwa chombo chepesi.

Lukaya ndipo majeshi ya Tanzania na wenzao wa Uganda walipopigana na majeshi ya Idi Amin na Walibya, mwezi wa Machi 1979. Sasa vijana hukimbilia magari na nyama ya kuchoma katika vijiti. Nilinunua miwili.

Masaka nilijaza tangi tena. Ziliingia lita 2 na nusu na kidogo. Nilimwambia mwuza petroli apime tena, akacheka.

Mama alikuwa mlangoni. Alikitazama chombo kwa muda mrefu.

"Mwanangu, ile kubwa imeibwa?"

"Nimeibadilisha, mama."

"Basi utarudi lini?"

Nikamwambia, Jumamosi ijayo.