Benchi la Njia Panda

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili kunijulisha kwamba lile duka la njia panda ya Kitai, pale barabara ya Lituhi inapochepuka, limebomolewa. "Si jambo la kusikitisha, mjomba. Kibanda tu kile, na alama ya X ya kubomolewa kilishapigwa zamani." Nikamuuliza kama anajua sengu ni nini. Akafikiri namtajia kiungo cha chai.

Basi nianzie huko. Umatengoni juu, ukoo mmoja ulikaa kwenye ntambo mmoja, yaani mgongo wa mlima uliobanwa na vijito viwili. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mkubwa wao, na kila nyumba ilileta chakula chake. Hiyo ndiyo sengu. Hapo kijana alijifunza kunyamaza wakubwa wanaposema, mashamba yaligawanywa, na mgomvi aliambiwa makosa yake tonge likiwa bado mkononi. Dada yangu hapendi nikiisifu. Anasema wanaume waliikalia, lakini moto wake uliwashwa na wanawake, ambao wenyewe walikula jikoni na watoto kilichobaki. Sina jibu.

Baba alishuka kutoka upande wa Litembo, ardhi ya kule ilipokuwa imeshabana. Sengu hakuweza kuibeba, ila kilimo cha ngoro alikibeba. Mvua zikielekea ukingoni alifyeka nyasi, akaziacha zinyauke, akazipanga kwa mistari inayokatana hadi shamba zima likawa miraba. Mama akafuata na jembe: anachimba katikati ya kila mraba, udongo anaufukia juu ya nyasi, linabaki shimo. Maharage yakapandwa juu ya kingo, na msimu uliofuata mahindi, nyasi zikiwa zimeshaoza na kuwa mbolea. Mlimani mashimo hayo huzuia maji yasiteremke na shamba. Kitai kwetu palikuwa karibu tambarare, na majirani waliolima matuta walimuuliza baba anamzika nani. Aliendelea kufyeka. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akichimba, hakuulizwa.

Duka sasa. Mimi siku zote nimesema lilifunguliwa 1974, mwaka tuliosogezwa barabarani wakati wa vijiji vya ujamaa. Dada anasema ni kabla, kwa sababu anakumbuka kununuliwa daftari pale akitokea nyumba ya zamani. Tumebishana mpaka tumechoka; liwe la mwaka wowote.

Ulilijua kwa pua kabla ya macho. Mafuta ya taa yalikaa kwenye pipa karibu na mlango, mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi juu ya kaunta, na pembeni paliegemezwa magunia ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani, uliopanda kutoka Lituhi. Wauza usipa wa ziwani walikubali kubadilishana kwa maharage, kopo kwa kopo, na kila mmoja aliapa kopo la mwenzake limebonyezwa. Walileta pia habari za ngoma ya mganda: kikundi cha kijiji gani kimeshona kaptura mpya nyeupe, nani amekosea hatua mbele ya wageni, na wenyeji wamewalisha wageni nini. Msimu wa kahawa ndugu zetu walipoteremka kutoka milimani, nguo zao zilikuja na harufu ya maganda yaliyochacha, tamu na kali kwa pamoja. Sijaikuta popote tena.

Mwenye duka alikuwa mtu mfupi, mwenye kalamu sikioni. Tulimwita Baba Dukani, na hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa na daftari la madeni ambamo hakuandika jina la mdaiwa, aliandika jina la mtoto wa kwanza wa mdaiwa. Mdaiwa akibisha, mtoto huyo ndiye aliyeitwa kusomewa ukurasa. Mimi nilisomewa mara mbili: kilo moja ya chumvi, wembe, mafuta chupa moja. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba aibu ya mtu mzima, na baba alilipa kesho yake. Wenye kahawa walisubiriwa hadi malipo ya pili ya chama cha ushirika. Wazee waliendelea kukiita chama NGOMAT, kile cha Wangoni na Wamatengo kilichoanza 1936 kwa tumbaku, hata tulipokuwa tayari na MBICU, ushirika wa Mbinga.

Nje palikuwa na benchi la ubao mmoja mrefu. Wanaume walioacha ntambo zao milimani walikaa hapo jioni. Chakula kila mmoja alikula kwake, lakini maneno waliyaleta benchini: mpaka wa shamba, mahari, kijana aliyepotelea Songea. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba baba hakuwa akienda dukani. Alikuwa akienda sengu.

Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliingia kwenye kahawa, chama kikalegea, malipo ya pili yakawa hadithi. Yakashamiri magoma: mtu ana mgonjwa au ada ya shule, anauza kahawa ikingali mtini kwa bei ya kutupa. Wanayaita mkopo. Daftari la Baba Dukani lilimngoja mtu avune; magoma humfuata kwenye maua. Mzee akafa, mwanawe akauza vocha, kisha akafunga. Ikaja lami, kilomita 78 kutoka Peramiho hadi Mbinga, na 2011 uchimbaji wa makaa ya mawe ukaanza Ngaka. Tangu hapo njia panda ni ya malori. Madereva wanakula chipsi kila mtu na simu yake, na ukianika nguo unazianua na vumbi jeusi. Lami siilaumu, maana mama alifikishwa hospitali kwa hiyo lami.

Nilimwomba mpwa wangu aniokolee ule ubao wa benchi. Jana amejibu kwamba matofali bado yapo, kama nataka kuyauza atatafuta mteja. Ubao ulichukuliwa siku ileile na jirani, akaupasua kuni za kupikia pombe ya komoni.