MTOTO ANA UVIMBE KWENYE UBONGO, WEWE JIRANI UNAFANYA NINI?



Ndugu zangu wa Ngenge, Muleba, Bukoba na popote mlipo. Mtoto akiumwa kichwa kila asubuhi, akatapika, akayumba akitembea, sisi tuna jibu tayari: majini, au karogwa. Mama naye ananyooshewa kidole. Wiki zinaishia kwa waganga, na uvimbe kama upo hausubiri.

Kisomo ni haki, msomeeni mtoto. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha pia kutafuta tiba. Dua haigombani na kisu cha daktari. Mpelekeni hospitali, ombeni rufaa mapema.

Sasa fikiria safari yenyewe. Kutoka Ngenge hadi Bugando, Mwanza. Wengine wanapelekwa mpaka Muhimbili, Dar es Salaam. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, lakini halimlipii mtu nauli, wala halimlishi mama anayemuuguza mwanawe miezi kadhaa ugenini. Nyuma huku migomba inamezwa na majani, kahawa inaiva bila mchumaji, na watoto waliobaki wako kwa bibi asiye na nguvu.

Hapo ndipo ibada yako ilipo. Palilia shamba lao. Wanunulie watoto wao madaftari. Changeni baada ya Ijumaa, lakini msisambaze picha ya mtoto mgonjwa bila ridhaa ya wazazi wake. Kama ni mafukara au wamezama kwenye madeni, zaka yako inawastahiki. Na usichange mara moja ukanyamaza, matibabu haya ni marefu.

Chunga na ulimi. Usimwambie baba, "Ni dhambi zenu." Usimkataze mama kulia, Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim. Na kama jirani si Muislamu? Nenda! Mtume (s.a.w.) alimtembelea kijana wa Kiyahudi alipougua, akakaa karibu na kichwa chake.

Sisi tuna vyama vya kufa na kuzikana. Akifa mtu, sufuria, turubai na kuni vinafika siku hiyo hiyo. Mbona mgonjwa akiwa hai tunasuasua? Utaratibu ule ule uanze leo, mtoto angali anapumua.

Allah awaponye watoto wetu wagonjwa na awape subira wazazi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.