Daraja Lenye Paa

Huku kwetu Munanila, katika vilima vya Buhigwe vilivyokuwa zamani sehemu ya Kasulu, mtu hawezi kwenda mbali bila ya kuvuka maji. Daraja tulijualo tangu utotoni ni magogo mawili matatu yaliyolazwa juu ya kijito. Jua huyapasua, mvua ikaingia katika nyufa, na uozo ukafuata ndani usikoonekana. Na juu ya magogo hayo ndipo wapitapo watoto wetu waendao chuoni.

Kwa hiyo tulipozuru Unguja tulipenda kujua khabari za madaraja ya watu wa kale. Pale Forodhani Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib katika mwaka 1883, nayo iliungwa na majumba ya jirani, Beit al-Hukm na Beit al-Sahil, kwa madaraja ya mbao yenye paa yaliyopita juu juu. Wanawake wa jumba walitoka nyumba hata nyumba bila ya kushuka njiani wala kuonwa na wapita njia. Lamu nako, watu wa mji walijenga wikio, yaani chumba kilichokaa juu ya boriti na kuvuka njia, kikaunga nyumba mbili za jamaa. Chini watu wapita na punda wao, na juu mama na binti watembeleana kwa stara.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm ikabomoka, na daraja lake likakosa pa kwenda. Beit al-Ajaib ilisalimika siku ile, lakini sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jengo lisilotunzwa halingoji mizinga.

Sasa tutazame mashamba ya Marekani. Baina ya Cornish na Windsor, juu ya mto Connecticut, liko daraja la mbao lenye paa lililojengwa mwaka 1866, urefu wake kiasi cha mita 137, na hata leo magari hupita. Madaraja matatu yaliyotangulia mahali pale yalichukuliwa na mafuriko. Paa lile halikuwekwa ili msafiri asilowe. Liliwekwa ili mihimili isilowe. Mbao ikikaa kavu huishi miaka mingi, na kubadili paa ni kazi nyepesi kuliko kubadili mihimili.

Basi enyi ndugu, paa la Unguja lilihifadhi heshima ya watu, na paa la Cornish lahifadhi mti wenyewe. Sisi nyasi tunazo, na miti tunayo. Kabla ya masika kila kijiji na kikague daraja lake, kiondoe gogo lililooza, kisha kiezeke juu yake japo kwa nyasi. Dini yetu imehesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni sadaka, na udhia wa gogo bovu ni mkubwa kuliko wa mwiba.