Migunga ya Mwandoya: Jina Moja, Miti Mingi

Mwezi wa tisa tulifunga safari na watoto kwenda Mwandoya kumsalimia mama mkwe. Tulipanda basi Bariadi, tukapita Kisesa, na vumbi likaingia hata kwenye chakula tulichofungia watoto. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa. Mashamba yalikuwa matupu, nyasi zimekauka, na kilichobaki cha kijani kilikuwa miti ya miiba.

Kijana wetu wa darasa la nne alikaa dirishani.

"Mti ule unaitwaje?"

"Mgunga," tukamjibu.

"Na ule mwingine?"

"Mgunga."

"Na ule mfupi wenye vinundu?"

"Nao ni mgunga."

Akatutazama. "Kwani huku miti yote ina jina moja?"

Abiria walicheka, nasi tukacheka. Hatukujua kwamba kesho yake swali hilo lingetutoa jasho.

Miche yetu arobaini

Inafaa tueleze habari ya nyuma. Karibu na zizi la mama ulikuwapo mgunga mkubwa wenye kivuli kama mwavuli. Kila kiangazi maganda yake yalidondoka, na mbuzi waliyala wakati majani hayapatikani. Mbuzi hao ndio waliosomesha watoto wa nyumba ile, akiwamo baba watoto. Mwaka mmoja upepo uliung'oa mti ule. Mama akatuomba tumtafutie miche ya mgunga apande mingine.

Tulifanya haraka, kama watu wa mjini tunavyofanya. Tulinunua mbegu zilizokwisha kutolewa kwenye maganda. Muuzaji alisema ni mgunga, nasi hatukuuliza zaidi. Tukaziotesha kwenye mifuko uani, tukapata miche arobaini, tukaipeleka kwa furaha. Mama aliipanda na kuimwagilia kwa ndoo za kichwani, viangazi viwili.

Safari hii, baada ya kupiga magoti na kusalimia, jambo la kwanza tuliomba kuiona miti yetu. Ilikuwa imekua vizuri, mingine inatupita kimo. Tukaisifu sana. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa upole, "Wanangu, hii ni miti mizuri. Lakini siyo ile niliyoomba."

Alishika tawi akatuonyesha miiba. Ilikuwa mifupi, imepinda kama kucha za paka, imekaa miwili miwili. Mti uliong'oka ulikuwa na miiba mirefu, myeupe, iliyonyooka, pamoja na mingine midogo iliyopinda. Alikuwa ameijua tofauti hiyo tangu mwaka wa kwanza. Tukamwuliza kwa nini hakutuambia, na kwa nini aliendelea kuchota maji. Akajibu, "Mlikuja mnacheka. Ningeanzaje kuwavunja moyo? Na mti hauna kosa."

Akina mama wenzetu, tulitamani ardhi itumeze.

Darasa la mama

Kesho yake asubuhi alituchukua sote, watoto mbele, tukazunguka mashamba hadi kwenye ngitili. Alitufundisha kutazama vitu vinne: mwiba, ua, ganda na gome.

Mgunga wa mbuzi, ule aliouomba, una kichwa kipana kama mwavuli. Maua yake ni vidonge vya mviringo, vyeupe. Ganda lake limejikunja kama springi, na hilo halifanani na la mti mwingine wowote tuliouona kule. Wataalamu huuita Vachellia tortilis.

Mti wetu sisi ni Senegalia polyacantha. Hukua haraka na kuwa mrefu. Maua yake si vidonge bali ni mikia mirefu myeupe, na nyuki huyapenda. Ganda lake ni bapa na limenyooka.

Wa tatu Wasukuma huuita mihale, yaani Vachellia nilotica. Gome lake ni jeusi lenye mipasuko, maua ni vidonge vya njano, na miiba imenyooka. Magome na maganda yake yana dawa ya kulainisha ngozi.

Wa nne ni ule mfupi wenye vinundu, Vachellia drepanolobium, ambao huko huitwa ilula. Huota kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika. Ndani ya vinundu huishi sisimizi wakali wanaoulinda mti wasije wanyama kuumaliza. Wao ndio wanaotoboa matundu, na upepo ukipita humo mti hupiga mluzi. Watoto waliweka masikio karibu, wakaumwa na sisimizi, wakajifunza yote mawili kwa mara moja.

Hata jina la kikwata lina mkanganyiko huo huo. Watu huliita Senegalia senegal, wenye miiba mitatu pamoja, miwili ikitazama juu na mmoja wa katikati ukitazama chini. Vile vile huliita Senegalia mellifera, wenye miiba miwili tu. Wa kwanza ndio unaotoa gundi inayotumika hata kwenye peremende na dawa. Anayetafuta gundi ya kuuza akihesabu vibaya miiba, atarudi na kikapu kitupu.

Wataalamu nao walibishana

Tusidhani kuchanganyikiwa ni kwetu tu. Zamani miti hii yote iliitwa Acacia. Mwaka 2005, katika mkutano wa wataalamu wa mimea duniani uliofanyika Vienna, iliamuliwa jina hilo libaki kwa jamaa zao wengi wa Australia. Uamuzi huo ulithibitishwa Melbourne mwaka 2011. Ya kwetu ikagawanywa: yenye miiba iliyonyooka na maua ya vidonge ikawa Vachellia, na yenye miiba iliyopinda na maua ya mikia ikawa Senegalia. Mama hajafika Vienna, lakini mgawanyo wake ulikuwa ule ule, mwiba kwanza, kisha ua.

Tunaosoma Biblia ya Kiswahili tumekutana na mti wa mshita katika Kitabu cha Kutoka, uliotengenezewa Sanduku la Agano. Wengi huona kuwa huo ni mti wa jamii hii hii, kwa maana mgunga wa maganda yaliyojikunja huota hata jangwa la Sinai. Mama alipoambiwa hivyo alifurahi, akasema kumbe mbuzi wake walikuwa wanakula chini ya mti wa heshima.

Ngitili ilivyorudi

Ngitili ni sehemu inayofungwa wakati wa masika ili majani yatunzwe kwa ajili ya mifugo wakati wa kiangazi. Ni desturi ya zamani ya Wasukuma, iliyofifia miti ilipokatwa kwa wingi. Tangu wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa ili kuondoa mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba yakaongezeka. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Meatu wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Mradi uliwahimiza watu warudishe ngitili zao, na miti mingi ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizolala ardhini. Ngitili zilizoandikwa mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipomalizika zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta.

Tulichorudi nacho

Miti yetu haikukatwa. Mama ameiacha mpakani mwa shamba, na baba watoto ameahidi kumtundikia mizinga miwili. Mbegu za mgunga wa mbuzi tuliziokota wenyewe ngitilini, maganda tukiyaona kwa macho. Zina ganda gumu, kwa hiyo humwagiwa maji ya moto na kulazwa humo usiku kucha kabla ya kupandwa. Mama alituonyesha pia miche iliyoota yenyewe kwenye mbolea ya zizi, kutokana na mbegu zilizopita tumboni mwa mbuzi.

Kwako mama msomaji, ukinunua mbegu au miche, omba uone ganda, au angalau tawi la mti mzazi. Jina peke yake lisikutoshe. Na jirani akikuambia umchemshie mtoto gome la "mgunga" kwa kikohozi, kumbuka miti iliyo nyuma ya jina hilo. Usimpe mtoto gome la mti usioujua, mpeleke zahanati.

Tulipokuwa tunaondoka, mama alimwita kijana wetu na kumpa tawi moja. "Huu ni upi?" Mtoto alitazama miiba, akaigusa polepole, akajibu sawasawa. Mama akatugeukia sisi wakubwa, akacheka, akasema, "Safari ijayo, mbegu atanunua huyu."