Kampala kwa Macho ya Mtoto

Wazazi wengi wanaowapeleka watoto wadogo katika mji wa nchi nyingine hutaraji kwamba watoto watastaajabia yale yale yanayowastaajabisha wao. Mara nyingi sivyo. Baba huona maghorofa, mama huona bei za vitenge, na mtoto wa miaka mitano huona kilicho sawa na kimo chake. Jambo hili huonekana wazi kwa familia za Mkoa wa Kagera ambazo shule zinapofungwa hupanda basi kwenda kuwatazama jamaa zao Kampala.

Mpaka usioonekana

Mutukula iko kiasi cha kilomita 80 kutoka Bukoba. Mtoto aliyeambiwa kwamba hapo ndipo nchi inapokwisha hutafuta ukuta, asiuone. Migomba ni ile ile na udongo ni ule ule mwekundu. Hata lugha ya Kiganda ina maneno yanayokaribiana na Kihaya cha bibi yake. Kigeni ni fedha: huitwa shilingi kama za nyumbani, lakini sarafu ya 100 ina ng'ombe wa pembe ndefu, ya 200 ina samaki, na ya 500 ina korongo yule yule aliye katika bendera. Kwa mtoto, sarafu hizo tatu ni somo la kutosha juu ya nchi.

Kwa wazee, Mutukula ni jina la vita. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka hapo na kuteka ardhi yote hadi Mto Kagera. Watu waliuawa na wengine wakakimbia makwao. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliompinga Amin waliingia Kampala. Babu aliyeyaona hayo aghalabu hunyamaza basi linapopita, na mjukuu hutambua ukimya huo. Si vema kumdanganya wala kumjaza hofu. Yatosha kumwambia kwamba hapa palikuwa na vita, vikaisha, na leo watu wa pande zote mbili hutembeleana.

Mbele ya Masaka, huko Kayabwe, barabara inakata mstari wa Ikweta. Mtoto husimama mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini, akaondoka ameushinda ulimwengu. Wapo wanaoonyesha maji yakizunguka beseni huku na huku. Mzazi afurahi pamoja naye, ila amweleze akikua kwamba beseni ni dogo mno kuamriwa na mzunguko wa dunia.

Ndani ya mji

Kampala ni mji wa vilima, na vilima ni adui wa miguu mifupi. Katika kituo cha zamani cha teksi, ambako mabasi madogo hujipanga kama siafu, mtoto huona magurudumu na miguu ya watu tu. Hapo ashikwe mkono, na namba ya simu ya mzazi iandikwe katika karatasi na kutiwa mfukoni mwake. Kumpakia yeye na ndugu zake juu ya bodaboda moja ni kuhatarisha maisha yao.

Kinachomshangaza kuliko maghorofa ni kaloli, korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, asimamaye juu ya mapaa na majaa ya taka. Huweza kumzidi mtoto kwa urefu. Katika Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, mtoto hupita upesi penye maandishi, akakawia penye ngoma na nyumba za asili zilizojengwa nyuma ya jengo.

Kasubi, walikozikwa Makabaka wanne, kuna nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882, ambayo mtoto wa Kihaya huweza kuifananisha na msonge. Iliteketea kwa moto Machi 2010, ikajengwa upya kwa kazi ya miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mjukuu wa watu waliorudi Kagera baada ya vita na kukuta nyumba zao ni magofu ana haki ya kuambiwa pale kwamba kilichoharibiwa huweza kusimamishwa tena.

Mashauri kwa wazazi

Siku moja itengewe mahali pamoja. Mtoto apumzike mchana, apewe maji yaliyochemshwa, na ale matoke na mchuzi wa karanga kabla ya kujaribiwa vyakula asivyovijua. Afundishwe kusema "webale", yaani asante, kwani mtoto anayeshukuru kwa lugha ya wenyeji hupokelewa kama wa nyumbani.

Mkisharudi, aachwe asimulie mwenyewe. Akisema Kampala ni kaloli na sarafu yenye samaki, asichekwe wala asisahihishwe. Ameuona mji kwa macho aliyo nayo, na mengine yatafuata umri wake.