Usimbadilishe Jina

Karl Rahner ni miongoni mwa wanateolojia Wakatoliki waliosomwa sana katika karne ya 20, na pia miongoni mwa waliolalamikiwa sana. Malalamiko huwa mawili. La kwanza, haeleweki. La pili, ukishamwelewa unakuta hukubaliani naye. Nasoma shahada ya uzamili ya teolojia Innsbruck, Austria, mji aliofundisha kwa miaka mingi na ambamo amezikwa, na malalamiko yote mawili nimeyasikia kila juma darasani. Kitivo chetu kiko kwenye uwanja wenye jina lake. Kaburi lake liko chini ya kanisa la Wajesuiti, hatua chache kutoka maktaba. Ni vigumu kumkwepa. Lakini hata kama angekuwa amezikwa mbali, ningemtafuta, kwa sababu nilikuja huku na swali, na swali lenyewe lilikuwa na sura ya mtu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwislamu wa Tanga. Mama alibatizwa akiwa na miaka 23, alipotaka kuolewa na baba, akapewa jina jipya. Bibi alilia siku kadhaa, kisha akanyamaza, na tangu siku hiyo hadi mwisho wa maisha yake aliendelea kumwita mama kwa jina la zamani, lile alilompa mwenyewe. Mama aliitika kila mara. Wazazi wangu walipohamishiwa bara kikazi, niliachwa kwa Bibi hadi nilipomaliza darasa la tano. Jumapili asubuhi, yeye akiwa ameshaswali alfajiri, ndiye aliyepasha pasi ya mkaa na kuninyooshea gauni la kanisani. Nikivuta shuka, alisema tu, "Mtu haendi kwa Mungu amechelewa."

Mwalimu wetu wa katekisimu alitufundisha kwamba asiyebatizwa haingii mbinguni. Hakuwa mtu mkali. Alisema kama mtu anayetaja ratiba ya basi. Nikafanya hesabu. Katika nyumba ile tulilala watu sita, na aliyebatizwa nilikuwa mimi peke yangu. Nilirudi nikamkuta Bibi anakuna nazi, nikakaa karibu naye nisiseme neno. Nilikuwa na miaka tisa. Sikupata pa kulipeleka swali lile, nikakua nalo.

Rahner alizaliwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1904, akaingia Shirika la Yesu mwaka 1922, akifuata nyayo za kaka yake Hugo. Mashabiki wa kina Rahner husimulia kwamba Hugo, ambaye naye alikuwa msomi mkubwa, alitania kwamba akistaafu atavitafsiri vitabu vya mdogo wake kwa Kijerumani. Nilipoanza kumsoma kwa lugha yake mwenyewe, utani huo ulinifariji. Sentensi moja yaweza kuanza juu ya ukurasa ikamalizika chini, na kitenzi chake kinakusubiri mwishoni kama mwenye nyumba anayekagua kama umekuja na ulichoagizwa.

Msimamizi wake wa udaktari wa falsafa aliikataa tasnifu yake. Akaichapisha kama kitabu mwaka 1939, Geist in Welt, na leo kinasomwa na watu wasiomjua kabisa aliyeikataa. Mwaka 1938 Wanazi walikifunga kitivo cha Innsbruck, naye akalazimika kuondoka. Mwaka 1962 Roma iliagiza maandishi yake yakaguliwe kabla ya kuchapwa, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa mmoja wa wataalamu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Nawaeleza haya wenzangu wanaodhani kwamba mtu huwa ama mtiifu ama mwenye fikra zake. Yeye alikaa ndani, akaandika, akasubiri.

Nisiwachoshe na istilahi. Msingi wa fikra yake naweza kuueleza kwa mfano wa pwani. Ukikaa ufukweni unaona ngalawa, unaona visiwa, unaona meli inayongoja kuingia bandarini. Vyote hivyo unaviona kwa sababu nyuma yake kuna upeo. Upeo wenyewe si kitu kimojawapo kati ya vile unavyoviona. Huwezi kuufikia; ukiufuata kwa mashua unasogea nao. Lakini ukiuondoa, hakuna cha kuona. Rahner alisema akili na moyo wa mwanadamu viko hivyo. Kila tunapojua kitu kimoja tumeshanyoosha mkono kuelekea kisicho na mwisho. Kila tunapompenda mtu mmoja tunataka zaidi ya anachoweza kutupa. Upeo huo usioshikika aliuita Fumbo, na alisema ndilo tunaloliita Mungu.

Hatua yake ya pili ndiyo iliyozua mabishano. Fumbo hilo halikai mbali likitutazama. Linajitoa. Neema, kwa Rahner, si mvua inayonyesha kwenye shamba la Wakristo ikaruka la jirani. Kama Mungu kweli anataka watu wote waokoke, jambo ambalo Agano Jipya linalisema waziwazi, basi lazima kila mtu, popote alipozaliwa, awe na nafasi halisi ya kumkubali, si nafasi ya kwenye karatasi. Kukubali huko si lazima kuwe kwa maneno. Mtu anayesamehe bila kutarajia malipo, anayetimiza ahadi ambayo hakuna atakayemdai, anayekikabili kifo kwa kutumaini, huyo tayari amemjibu Mungu. Na kwa kuwa Rahner aliamini kwamba neema yote ni ya Kristo, alimpa mtu huyo jina: kwa Kijerumani, anonymer Christ.

Jina hilo kulitafsiri ni kazi. Mkristo asiyejulikana? Hapana, anajulikana sana mtaani kwake. Mkristo bila jina? Mkristo asiyetajwa? Nimeandika zote pembeni ya daftari langu na kila moja inanikera, kwa sababu kila nikiisoma namwona Bibi.

Bibi alikuwa mke wa kwanza. Mke mwenzake alikuja miaka minane baadaye, na kwa mujibu wa mama alimtesa Bibi kwa maneno na kwa vitendo muda wote babu alipokuwa hai. Babu alipofariki, yule mama akapooza upande mmoja. Wanawe walikuwa mbali. Bibi akamchukua, akamlaza chumba cha mbele chenye upepo, akamwosha na kumlisha kwa miaka minne mpaka alipomzika. Watu walipomsifu alijibu, "Ningemwacha, nani angemwona?" Na wakimng'ang'aniza alisema amefanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kisha akageuza mazungumzo.

Huu ndio mfano Rahner angeutaka. Ni mfano wake hasa: msamaha usio na faida. Lakini ndani yake kuna kitu kinacholikataa lile jina. Bibi hakuwa mtu aliyemjibu Mungu bila kujua. Alimtaja mara tano kwa siku. Hakukosa jina la kumwita, wala yeye mwenyewe hakukosa jina la kuitwa.

Wengine waliona tatizo hilo kabla sijazaliwa. Hans Küng alilalamika kwamba ni kumlazimisha mtu awe kile ambacho amekataa kuwa. Hans Urs von Balthasar alishambulia kutoka upande wa pili: katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu ushuhuda wa Kikristo aliuliza, kwa ukali, wafiadini walikufa kwa ajili ya nini kama Ukristo unaweza kuishiwa bila hata kutambuliwa. Na yuko Mjapani, Keiji Nishitani, mwanafalsafa wa mapokeo ya Zen, aliyemuuliza Rahner angeonaje kama yeye angemchukulia kuwa Mbudha asiyejitambua. Rahner mwenyewe alisimulia jibu lake: kwa upande wako una haki ya kufanya hivyo, nami nitaona umeniheshimu.

Tulilijadili jibu hilo kwenye semina. Mwenzetu kutoka India, ambaye ukoo wake mkubwa ni Wahindu, alisema ni jibu la muungwana, lakini ni rahisi kuwa muungwana ukiwa profesa. Shangazi yake akiambiwa kijijini kwamba yeye ni Mkristo ila hajajijua, alisema, hasikii heshima, anasikia kwamba wamekuja tena kumchukua. Nilikubaliana naye. Hata hivyo, nilibaki na hisia kwamba kuna jambo hatujaligusa, na wiki mbili baadaye nilipigiwa simu iliyolileta.

Bibi alifariki mwaka jana. Sikuweza kwenda maziko. Waislamu hawamweki maiti, na nauli ya ghafla haikuwepo. Hitima ilisomwa, arobaini ikapita. Kisha mama akanipigia. Alitaka kutoa nia ya Misa kwa ajili ya mama yake. Jirani wa jumuiya alikuwa amemwambia haifai, na yeye mwenyewe aliogopa kwamba kaka yake, mjomba wangu, atauchukulia kama wizi: ulituacha ukiwa hai naye, sasa unamfuata hata kaburini. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyesoma. Huyo padre wako wa Kijerumani anasemaje?"

Nilimweleza kwamba kwa sheria ya Kanisa padre anaweza kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Hilo lilikuwa rahisi. Kisha nikamweleza Rahner, kwa Kiswahili, polepole, upeo na neema na yule Mkristo asiyetajwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, mimi nimekuuliza kuhusu mama. Wewe unanijibu kuhusu Wakristo."

Nimelibeba sentensi hiyo maktaba kwa miezi, na kwa msaada wake ndipo nimeweza kumsoma Rahner hadi mahali ninapoona anaeleweka. Yeye mwenyewe alikiri kwamba jina lile laweza kuachwa kama kuna atakayeleta bora. Lisiloweza kuachwa ni jambo lenyewe. Na halikuwa neno la kumwambia asiye Mkristo usoni. Lilikuwa neno la Wakristo kuambiana ndani ya nyumba yao, ili waache kuhesabu nani yumo na nani hayumo, kama nilivyohesabu nikiwa na miaka tisa. Ukiisoma hivyo, mtenda katika sentensi yake anabadilika. Anachokisema hakimhusu Bibi kwanza, kinamhusu Mungu. Kwamba katika chumba cha mbele chenye upepo, kwa miaka minne, Mungu ninayemwamini mimi hakuwa mgeni. Hilo naweza kulisema bila kumvua Bibi kitu chochote. Naweza kulisema nikiwa Mkristo, na yeye akabaki Mwislamu aliyefanya alichofanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Mtaguso aliouhudumia Rahner ulikwenda njia iliyo karibu na hiyo, bila kulitumia neno lake. Hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964 inawataja Waislamu kwa jina lao, miongoni mwa wale ambao mpango wa wokovu unawahusu. Maaskofu waliopiga kura walitoka kila bara. Alikuwemo Laurean Rugambwa wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika nyakati zetu, mwaka 1960. Rahner alilitilia uzito sana jambo hilo. Katika mhadhara alioutoa Marekani mwaka 1979 alisema kwamba kwa karne nyingi Kanisa lilisafirisha dini ya Ulaya kama kampuni inavyosafirisha bidhaa isiyotaka kuibadilisha, na kwamba Mtaguso ulikuwa mwanzo wa Kanisa la dunia nzima. Nikisoma mhadhara huo nafikiria jina jipya la mama, lililotoka Ulaya, na jina la zamani alilolitikia miaka thelathini.

Februari 1984, Freiburg, katika sherehe za kutimiza miaka 80, Rahner alitoa mhadhara kuhusu alichojifunza kama mwanateolojia. Alikumbusha kwamba kila tunachosema juu ya Mungu ni cha kulinganisha tu, kinapungukiwa, na kwamba wanateolojia hulijua hilo kisha wakalisahau wakizungumza. Wiki chache baadaye, tarehe 30 Machi, alifariki hapa Innsbruck. Nadhani mtu aliyesema hivyo hangekasirika kuona neno lake moja likiwekwa kando.

Niliongea tena na mama, safari hii bila Rahner. Nilimshauri aanze kwa mjomba kabla ya kwenda kwa padre, kwa sababu Misa ya kumwombea mtu haifai kuwa siri mbele ya watoto wake wengine. Mama alichukua basi hadi Tanga. Alikaa na kaka yake barazani tangu alasiri hadi magharibi, na anasema kwa muda mrefu hawakuongea. Mwishowe mjomba akamwambia, "Mwombee. Ni mama yako. Lakini usimbadilishe jina."

Misa ilitolewa siku ya Alhamisi, ile ya asubuhi, watu kama ishirini. Padre alisoma nia kama ilivyoandikwa kwenye bahasha: jina la Bibi, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu ya Kiislamu, bila maelezo.