Vespa ya mzee na jeti namba 108

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na wengine mlishaanza kuulizana kule Tunguu kama nimeacha chuo. Sijaacha. Nilikuwa uwani kwetu Mwanakwerekwe, mikono imejaa oili, nahangaika na Vespa ya mzee.

Mnaoijua mnaijua: PX 150, bluu iliyopauka, ile ambayo mlinzi wa getini huisikia kabla hajaniona. Mzee kaiendesha tangu mie sijazaliwa. Macho yalipomzidi akanikabidhi ufunguo na maneno mawili tu: "Itunze hiyo." Basi bwana, mwaka huu silinda ikawa imelika kabisa, moshi kama mtu anachoma taka, na kubeba watu wawili ikawa haiwezi. Fundi akasema tuchonge silinda tuweke pistoni ya saizi ya juu, yaishe. Mtu mwenye akili angekubali. Lakini boom lilikuwa limeingia juzi yake, nikajiuliza kwa nini nisiweke silinda kubwa moja kwa moja? Ya kawaida ina upana wa milimita 57.8, hii niliyonunua ina 63. Injini inatoka sisi 150 inakwenda 177, na hukati kitu. Bi mkubwa mpaka leo anajua zile hela zilikwenda kwenye vitabu.

Kufunga si kazi. Kazi ni kuipatanisha. Silinda kubwa inavuta hewa nyingi zaidi, kwa hiyo kabureta nayo lazima itoe petroli zaidi, na petroli inapita kwenye jeti, kale kashaba kenye tundu. Namba ya jeti ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita: 100 ni milimita moja kamili. Ya zamani ilikuwa 100. Nikaweka 102 kwa sababu ndiyo iliyopatikana, na jamaa yangu mmoja wa Arusha aliniapia kuwa yeye anatumia hiyo hiyo na mambo safi. Sikufikiria kwamba Arusha iko juu, hewa nyepesi, na sisi tuko usawa wa bahari, hewa nzito inayotaka petroli zaidi. Halafu, kwa ujinga wangu mwenyewe, nikatoa na chujio la hewa ili mlio uwe mzuri. Hewa ikazidi tena.

Na wadau, ilikwenda! Hapo ndipo penye mtego. Injini inayonyimwa petroli inakuwa nyepesi, inaruka, inakuchekea, unajiona fundi. Wakati huo huo inajiunguza. Vespa hii ni tu-stroki, oili ya kulainisha pistoni imo humo humo kwenye petroli, mililita 20 kwa kila lita. Ukiinyima petroli umeinyima na oili.

Jumatatu asubuhi nimempakia mdogo wangu wa kike, yuko mwaka wa kwanza. Tumeshapita Jumbi, nimevuta mafuta mpaka mwisho. Nikasikia mlio unabadilika kama mtu aliyepaliwa, mara tairi la nyuma likakaza. Nyuma yetu daladala. Mkono wa kushoto ukabana klachi wenyewe, wallahi sikuuamuru. Tukayumba, tukaingia mchangani, tukasimama. Daladala ikapita na honi ndefu, utingo anatutukana. Mdogo wangu hakupiga hata kelele. Alishuka, akatengeneza mtandio wake, akasema taratibu, "Kaka, mie napanda gari."

Ilipopoa ikawaka, nikairudisha nyumbani mwendo wa kobe. Kufungua: pistoni ina mikwaruzo upande wa ekzosi, ndiko joto linakokuwa kali. Ringi zilikuwa bado zinacheza. Nikapitisha msasa laini. Bahati tu.

Mzee akatoka na kikombe chake cha chai, akakaa juu ya ndoo. "Makaburi yapo hapa hapa Mwanakwerekwe," akasema, "hukuwa na haja ya kuyafuata Jumbi." Kisha akaniuliza plagi ina rangi gani. Sikuwa nimeiangalia hata mara moja. Nikaifungua, nyeupe kama chaki.

"Ilikuwa inakwambia," akasema, akarudi ndani.

Nikaanza upya. Chujio likarudi mahali pake. Cheche nikazichelewesha kidogo. Ile sahani inayoshika koili nyuma ya magneti ina alama A na IT, nikaisogeza kwenye IT. Jeti nikaagizia Dar, zikaja na boti: 105, 108 na 110. Safari hii nilianza na kubwa, maana petroli ikizidi plagi inachafuka, ikipungua pistoni inakamata. Kila jioni, peke yangu, natafuta njia iliyonyooka, gia ya nne, mafuta mpaka mwisho, nazima swichi na kubana klachi hapo hapo, inajiendea mpaka isimame, ndipo nafungua plagi. Ukirudi nayo mpaka nyumbani taratibu, rangi utakayoikuta ni ya hiyo taratibu, itakudanganya.

Na 110 iligugumia, plagi nyeusi imelowa. Na 108 rangi ya chai ya maziwa. Nikajaribu 105 pia, siwezi kusema uongo, na inakwenda kuliko zote. Plagi ikatoka kijivu cheupe. Nimeirudisha 108, na ile 105 iko kwenye droo, na kuna jioni naifikiria.

Ijumaa mzee aliomba nimpeleke msikitini. Njia nzima kimya, anasikiliza. Kushuka akasema, "Nzito kidogo. Iache hivyo hivyo."

Mdogo wangu bado anapanda daladala. Tutaonana Tunguu.